Jina Huja Mwisho

Taa ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Rhoda Kivela Jumapili ile, maana taa hiyo moja ndiyo aliyoifuata kutoka makao makuu, barabara yote theluji, akiamini kwamba ndiyo itakayomtoa Dwayne Beaucage gerezani.

"Haijawahi kuzimika, afande," alisema Konstebo Ludger Amyot, akipangusa kamasi kwa glavu. "Nimembana fundi mpaka kanichukia. Siku ya moto ilikuwa inawaka, na nguzo haijasogezwa. Mtu akisimama chini yake unamwona mpaka kope."

"Kwa hiyo wakili wa Beaucage alidanganya mahakama aliposema hapa palikuwa giza."

"Hakudanganya. Alibahatisha. Wakili wa kupewa bure, ulitegemea nini?"

Rhoda alirudi nyuma hatua kadhaa, akatazama juu. Ukuta wa nyuma wa uwanja wa barafu wa mji wa Corrigan ulikuwa mabati matupu, isipokuwa dirisha moja la kibanda cha mtangazaji, na dirisha hilo lilitazamana na mlango wa stoo bila kizuizi chochote. Aliwahi kuota kwamba kungekuwa na mti hapo. Hapakuwa na mti.

Stoo ile iliungua Jumapili kama hii, mechi ya mpira wa magongo wa barafuni ikiwa mapumziko kabla ya kipindi cha tatu, na Anton Rusk, msimamizi wa jengo, akafia ndani, usingizini. Shahidi alikuwa mmoja tu: Emmett Struthers, mtangazaji wa redio, aliyesema alimwona Beaucage, mchezaji wa timu ya mji, kwa macho yake akitoka na dumu la mafuta. Jopo la raia walioamua kesi halikuhitaji mjadala. Emmett Struthers, anayemjua mchezaji kwa mabega tu akiwa ng'ambo ya barafu, angekosea mtu chini ya taa? Mwendesha mashtaka aliwauliza hivyo hivyo, nao wakacheka, na kicheko kile kikampa Dwayne kifungo cha maisha. Sasa alikuwa mwaka wa sita. Kesho jopo la mapitio ya hukumu lingekaa kwa mara ya mwisho. Rhoda akirudi mikono mitupu, jalada linafungwa na halifunguliwi tena.

"Tunafanya nini sasa?" Amyot aliuliza.

"Tunapanda juu. Nataka kumwona mzee akifanya kazi."

"Mechi imeanza."

"Ndiyo maana."

Kibanda kilikuwa na joto la hita ya mafuta na harufu ya soksi. Emmett alikuwa ameketi na kipaza sauti mbele yake, mzee mnene wa shati safi na tai, tai ya kutangazia redioni ambako hakuna anayekuona. Pembeni yake alikuwa binti yake, Glenys, mwanamke wa thelathini na kitu, amefunga nywele kwa mpira wa karani, sindano ya kufumia sweta mkononi. Tangazo la duka la matairi lilikuwa hewani, kwa hiyo walikuwa na nafasi ya kusalimiana. Emmett aligeuza kichwa mlango ulipolia.

"Na kibandani kwetu," alisema, kwa sauti ile ambayo Rhoda alikua akiisikia jikoni kwa mama yake, "huku theluji ikimdondoka mabegani, ameingia…"

"Inspekta Kivela, baba," Glenys alisema haraka. "Na konstebo."

"…Kivela! Binti ya Arvo wa mashine ya barafu! Karibu, mwanangu. Baba yako alikuwa akiilainisha barafu ile mpaka unajiona meno. Keti. Usiguse waya."

Rhoda alicheka, hakuweza kujizuia. Mji mzima ulikuwa na ugonjwa huo. Kiingereza cha watu wengine humtanguliza mtu: Pelletier kaingia pembeni. Cha Emmett kilikuja kichwa chini miguu juu: pembeni, kaingia, halafu kimya cha kukukata roho, halafu Pelletier. Walimu wa Corrigan waliwaambia watoto kwamba ukitaka neno liume lipeleke mwisho wa sentensi, msikilizeni mzee Struthers. Mhudumu wa mkahawa alikuletea supu hivyo, mezani inatua, moto kabisa, halafu anakukazia macho kabla ya kuitaja. Hata mchungaji aliwahi kumzika mtu kwa mtindo huo, na wafiwa wakalia mara mbili.

"Mmekuja kwa ajili ya yule kijana," Emmett alisema, na uso ukamnywea. "Nilishasema yote mahakamani. Sina la kuongeza."

"Sijakuuliza kitu, mzee. Nimekuja kusikiliza."

"Basi sikiliza. Lakini baada ya mechi hatukai. Mkwe wangu Curtis anatupitia na watoto. Alikuwa mtu wa stoo hapa zamani, sasa anajifanya hapapendi. Mechi ikiisha tu, honi."

Alijimiminia chai kutoka kwenye chupa. Rhoda aliona kidole cha shahada kikitangulia ndani ya kikombe, kikakaa ukingoni, na chai ilipokifikia mzee akaacha kumimina. Bibi yake Rhoda alikuwa akifanya hivyo, miaka ya mwisho, ugonjwa wa mtoto wa jicho ulipomzidi. Lakini wazee wana tabia nyingi, na chai ya moto ina watu wake.

Tangazo liliisha, na wachezaji wakarudi kukimbizana na kisahani cha mpira.

"Kutoka nyuma anakuja nacho kisahani, anampita mmoja, anampita wa pili, na langoni anaachia…"

Mbele yao palikuwa na ubao wa mbao wenye mistari miwili ya vibati, kila kibati na jina la mchezaji kwa herufi kubwa kama za mabango ya barabarani. Sindano ya Glenys ilishuka ikagonga kimoja. Tik. Emmett aliinamisha kichwa pembeni, akautazama ubao kwa ukingo wa jicho kama kuku anayetazama punje.

"…Pelletier! Pelletier, mabibi na mabwana!"

Amyot aliduwaa kwa raha. Alikuwa mtu wa mji mwingine, alimjua Emmett kwa sifa tu. "Wana mpango mzuri," alinong'ona. "Yeye anatazama mchezo, binti anatazama majina."

"Watangazaji wengi wana mtu wa kuwaonyesha," Rhoda alisema. "Si ajabu."

Lakini hakuketi tena kwa raha. Katikati ya kipindi Glenys alikohoa, akakohoa tena, akamgusa baba yake bega na kutoka kutafuta maji. Rhoda alijiinamia akasikiliza. Wa bluu anampa mwenzake. Mwenzake anarudisha kati. Wekundu wanakuja, wanakuja kwa hasira, anapiga yule wa pembeni, kipa anadaka, jamani kipa anadaka! Sauti ilikuwa ile ile, ya moto, ya kumsimamisha mtu jikoni na mwiko mkononi. Ila majina yalikuwa yamekufa. Glenys aliporudi na glasi yake na sindano ikagonga, majina yakafufuka.

Kipindi cha mwisho kilipoanza Rhoda alimvuta Amyot ngazini.

"Umesikia alipotoka binti?"

"Nimesikia tumefungwa bao mbili."

"Ludger, kuwa na akili. Umesikia jina lolote?"

Amyot alifikiri. Aliacha kutafuna. "La."

"Hata moja. Mtu anayewajua kwa mabega! Kikombe anakipima kwa kidole. Mimi nimeingia mlangoni, hatua mbili kutoka kwake, jina kaletewa. Haliweki jina mwisho ili litupendeze. Analiweka mwisho kwa sababu mwanzoni hana. Anasogeza maneno mengine mbele huku akisubiri sindano."

"Lo." Amyot alishika reli ya ngazi. "Nusu ya mkoa wamekua wakiiga kusubiri kwa kipofu?"

"Usicheke."

"Sicheki, afande. Ushahidi wake ulisemaje?"

Rhoda hakuhitaji jalada. Alikuwa ameukariri kwa kuusoma. "'Mlango wa stoo unafunguka, anatoka mtu, koti jeusi, dumu mkononi, na mtu huyo ni Dwayne Beaucage.' Jaji alimpongeza kwa ufasaha."

"Alitangaza."

"Alitangaza mechi. Na kwenye mechi kuna sindano. Sasa niambie, Glenys alihojiwa na nani?"

"Hakuhojiwa. Kwenye maelezo kuna mstari mmoja: binti wa shahidi, anamshikia chai."

"Anamshikia chai!" Rhoda alisema. Waliokuja kabla yake hawakuwa wapelelezi wabaya. Walimkuta mtu maarufu na mwanamke mwenye chupa ya chai, wakamhoji mtu maarufu, wakaenda kula.

"Hiyo bado ni dhana yako tu na kikombe," Amyot alisema. "Jopo watatucheka. Wanataka kitu cha kushika."

"Ndicho tunakwenda kuwatafutia. Wewe shika kinasa sauti."

Mechi ilipokwisha ilikuwa saa kumi na moja, na nje mchana ulishajichokea. Mashabiki walitoka wakinuna, maegesho yakabaki na magari machache. Taa ya stoo iliwaka yenyewe, kama fundi alivyosema. Rhoda alimwomba Glenys amsaidie jambo dogo, ashuke akasimame mbele ya mlango wa stoo, wapime mwonekano kutoka dirishani.

"Mimi?" Glenys alisema. "Konstebo hana miguu?"

"Konstebo ni mrefu mno. Dakika chache tu, dada."

Glenys alimtazama baba yake, akamtazama Rhoda, akavaa koti lake jeusi na kofia. Emmett alikuwa chooni. Aliporudi akipapasa ukuta, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Amyot alikwishaweka kinasa mezani, akakitaja kwa sauti, akataja siku na waliokuwepo. Emmett aliitikia kwa kichwa, kwa ile heshima yake ya vipaza sauti vyote.

"Sogea dirishani, mzee," Rhoda alisema. "Kuna mtu chini ya taa, pale pale ulipomwona Beaucage. Niambie ni nani."

"Unanitahini, binti Arvo?"

"Ndiyo. Nakutahini."

Mzee alicheka kidogo, akakifuta kioo kwa mkono wa shati. "Chini ya taa," alianza, na sauti ikajaa kibanda, "koti jeusi, kofia imeshuka masikioni, mikono mifukoni, amesimama…"

Akanyamaza. Kichwa kiligeuka kulia, kule kulikokuwa na ubao, kikasubiri. Hakuna kilichogonga.

"Amesimama…" alirudia.

"Nani, mzee?"

"Theluji imezidi."

"Hakuna theluji inayoanguka. Amyot, kuna theluji?"

"Hakuna, afande."

"Ni mwanamume," Emmett alisema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Kijana. Mmoja wa wachezaji wetu, nadhani yule mpya… yule…"

"Ni Glenys," Rhoda alisema. "Ni mtoto wako uliyemzaa."

Emmett aliketi bila kukitafuta kiti, akakipata kwa bahati. Alipoongea tena ile sauti ya redio ilikuwa imemtoka, imebaki ya mzee wa kawaida mwenye kifua.

"Katikati pana doa," alisema. "Pembeni naona rangi. Bluu naiona, nyekundu naiona. Uso wa mtu siuoni."

"Tangu lini?"

"Marehemu mke wangu alikuwa hai bado."

"Ukaapa mahakamani kwamba uliona."

"Niliapa nilichokijua! Glenys hajawahi kunikosesha jina, hata siku moja. Akigonga Pelletier, ni Pelletier. Nilimuuliza nani yule na dumu, akanitajia. Ningeanzaje kumshuku?"

"Hukuulizwa kama unamwamini binti yako. Uliulizwa kama uliona kwa macho yako."

"Ungesema nini wewe? Mbele ya watu wote wale? Wangeninyang'anya hiki jioni ile ile." Aliweka kiganja juu ya kipaza sauti. "Mimi bila hiki ni nani, mwanangu? Mzee anayegonga meza kwa magoti."

"Na Dwayne ni nani bila miaka sita?"

Emmett alitikisa kichwa, halafu akaegemea mbele, na alichokisema Rhoda angekichukia mpaka kufa kwake.

"Acha nimalize msimu. Zimebaki mechi chache, tunaweza kuingia fainali mwaka huu. Halafu nitawaeleza kila kitu. Nakuapia."

"Kwa kiapo kipi?" Rhoda aliuliza. "Kile cha mwanzo?"

Mlango ulifunguka. Glenys aliingia mashavu yamemwiva kwa baridi. "Nimesimama kule mpaka miguu imekufa ganzi, hakuna hata aliyenipungia mkono…" Aliuona uso wa baba yake, akakiona kinasa kikiwaka taa yake nyekundu.

"Uliniambia Beaucage," Emmett alisema. "Nilikuuliza, ukaniambia Beaucage. Sasa hawa watanifunga mimi kwa uongo wako!"

"Uongo wangu."

"Wa nani basi?"

"Baba, nimekuwa macho yako tangu nina miaka kumi na tisa. Nikuvushe barabara, nikusomee matangazo uyakariri, nikugongee majina. Mara moja tu, mara moja, nilikuomba unitaje hewani. Useme tuko wawili humu. Ukasema watu hawasikilizi sindano." Alivuta kofia kichwani akaitupa. "Leo ndiyo unanitaja? Sauti yako, sifa zako, uongo ndio wangu?"

"Glenys, mwanangu—"

"Nimesimama chini ya taa! Umeniona ni nani?"

Mzee aliinamisha kichwa.

Rhoda alisogeza kinasa karibu na Emmett. Huruma ilikuwapo, lakini aliikanyaga. "Mzee Struthers. Siku ya moto, ulimwona Dwayne Beaucage?"

"Mlangoni pa stoo," Emmett alianza, "alitoka—"

"Sema kama watu wengine wanavyosema."

Emmett alikitoa kiganja juu ya kipaza sauti.

"Sikumwona," alisema. "Niliona koti jeusi. Basi. Sikumwona mtu."

Amyot alitoa pumzi kama aliyetua gunia. Ilitosha. Kesho jopo lingesikia maneno hayo kwa sauti ambayo kila mmoja wao alikuwa anaijua, na Dwayne Beaucage angetoka, ana nywele za mvi zisizo za umri wake, kwenda kwa mama aliyeuza nyumba kumlipia rufaa. Ilitosha kwa Dwayne. Anton Rusk alikuwa bado hajapata mtu wake.

"Dada Glenys," Rhoda alisema. "Humu ndani siku ile kulikuwa na macho mazima ya mtu mmoja tu. Kwa nini Beaucage?"

Glenys alikaa kwenye kiti chake. Aliongea akitazama sakafu.

"Alikuwa amefungiwa kucheza mechi ile. Nilimwona akizurura koridoni na nguo za nyumbani. Jina likanijia. Na ni mtu wa ng'ambo ya mto, wa kule kwa Wenyeji wa Asili. Nilijua nikimtaja yeye hakuna atakayeuliza mara ya pili. Na hamkuuliza. Si polisi, si jaji, si hao wanaoimba naye nyimbo za timu. Hata mmoja. Nilikaa nyumbani nikiwangoja mje mniulize, nilishaandaa cha kusema. Hamkuja."

"Tumekuja leo."

"Leo!" Alicheka kicheko kikavu. "Nilidhani ni stoo tu imeungua. Mbao na magongo. Nilisikia habari za Anton kesho yake, redioni, baba akitangaza. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, inspekta. Baada ya hapo ukishasema, umesema. Unafua, unapika, unalea, na kila Jumapili unapanda ngazi hizi."

"Nani alitoka stoo?"

Chini, kwenye maegesho, gari liliingia. Amyot alichungulia dirishani. Gari la mizigo la rangi ya kahawia lilisimama karibu na taa, mwenye nalo akabaki ndani, injini ikiunguruma, na kwenye kiti cha nyuma vichwa viwili vidogo vyenye kofia za sufu vilikuwa vinapigana. Honi ililia mara moja. Emmett alishtuka, akaanza kutafuta koti lake kwa mikono.

"Kaa, baba," Glenys alisema.

Honi ililia tena, ndefu zaidi.

"Curtis," alisema. "Mume wangu. Anton alimfukuza kazi wiki ile kwa ulevi, akaapa atamkomesha. Nilimwona vizuri, hata soksi alizovaa ni mimi niliyezifuma." Alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka shingoni. Amyot alikuwa ameshafika mlangoni, pingu zikilia kiunoni, na Glenys akamwekea kiganja kifuani.

"Subiri, konstebo. Nakuomba. Ngoja kwanza nikawatoe watoto ndani ya gari."